Aliyetia Saini Apande: Maisha ya Mzee Nahashon M'Ikiara (1939–2026)

Marehemu Mzee Nahashon M'Ikiara alizaliwa tarehe 14 Machi 1939 huko Chogoria, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, akiwa mtoto wa tano kati ya saba. Anayewasomea haya ni mimi Makena, kifungua mimba wake. Nitajitahidi nisilie. Nikilia, mnisubiri, sina haraka.

Alisoma shule ya misheni hapo Chogoria hadi darasa la nane mwaka 1955, kisha chuo cha ufundi cha Kabete, 1956 hadi 1959. Alitusimulia kwamba siku za kuchunga mbuzi hakuwahi kuiona ndege. Aliisikia tu ikipita juu ya mawingu, na kwa muda mrefu aliamini ni mlima unaokoroma.

Mwezi wa Septemba 1960 aliajiriwa katika karakana ya injini kule Embakasi, Nairobi, jeti zikiwa ndio kwanza zinaingia Afrika Mashariki. Injini za mapanga yanayozunguka, watu walikwisha kuzizoea. Hizi mpya zilimeza hewa, zikaibana, zikaiwasha na kuitema nyuma kwa kishindo. Ndege za kwanza kabisa za abiria za aina ile zilikuwa zimeanguka miaka ya hamsini, bati lake likiwa limechoka angani, na hakuna fundi asiyelijua hilo. Kwa hiyo msimamizi wa karakana aliweka sheria moja: aliyetia saini kwamba injini imefungwa sawasawa, apande safari ya majaribio. Hakuna kubaki chini ukipunga mkono. Baba alipanda mara arobaini na moja. Alisema ukikaa kiti cha dirishani, juu ya bawa la kushoto, na injini ikiwa nzima, baada ya muda huisikii tena. Unabaki wewe na mawingu, hujui kama unakwenda au umesimama.

Alifunga ndoa na mama yetu, Dinah Kagendo, tarehe 18 Desemba 1965, kanisani Chogoria. Tarehe 2 Agosti 1968 alikuwa amekwisha kutia saini na ngazi imewekwa, akaitwa kwenye simu: Mama ameshikwa na uchungu. Mwenzake akamwambia, "Nenda bwana, nitakukalia kiti." Alikimbia hospitalini, nikazaliwa mimi. Ndege ile ilipofika juu ya Athi, korongo alivutwa ndani ya injini ile ile aliyoifunga Baba. Ikazimwa, wakarudi kwa injini tatu zilizobaki, wala hakuna aliyeumia hata ukucha. Mkono wa fundi haukuwa na kosa. Lakini Baba hakulitua jambo lile miaka hamsini na saba. "Kiti kilikuwa changu," alisema kila likitajwa. Mimi alinitania tu: "Wewe ndiye uliyenishusha."

Sasa niseme la kwangu, maana la Baba halieleweki bila hilo. Nilikuja Minnesota mwaka 1998. Ndege ilitikisika juu ya bahari mpaka nikaapa sipandi tena. Haki ya nani, binti wa fundi wa injini! Mama alipofariki Machi 2009, sikwenda Chogoria kumzika. Niliwaambia nyote ni shifti za hospitali. Haikuwa shifti, ilikuwa woga, na ndugu yangu Duncan alikwenda peke yake. Nimeibeba aibu hiyo miaka kumi na saba, na leo naitua hapa mbele yenu. Baba hakunilaumu. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka sabini na moja, alitua hapa na sanduku moja la spana. "Kama huwezi kuja," akasema, "basi nimekuja mimi."

Aliishi nasi hapa Minnesota, katika mji wa Savage, miaka kumi na mitano, akitengeneza magari ya watu kwenye gereji yetu. Kila gari alilofunga, lazima apande safari yake ya kwanza. Janvier, jirani yetu kutoka Bukavu, ni shahidi. Yuko pale nyuma anacheka. Siku ya kwanza aliona mzee anafungua mlango, anakaa, anajifunga mkanda. "Papa, miye naenda ku kazi. Weye unaenda wapi?" "Naenda na breki zangu," Baba akajibu. Akaenda naye hadi kazini kwake Golden Valley kwenye theluji, akasinzia kwenye sofa la mapokezi mpaka shifti ya Janvier ilipoisha.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2023, na tangu hapo mashine ilimsafisha damu mara tatu kwa wiki. Mwishoni mwa Desemba iliyopita akili yake ilianza kwenda na kurudi. Alilala hospitalini karibu na dirisha amefumba macho, ndege zikishuka kuelekea uwanjani, naye akinong'ona, "Hiyo imebeba mzigo." Alizungumza na watu wa Embakasi tusiowaona, akiwaomba spana kwa adabu. Nilitamani nami niwaone.

Jumatatu tarehe 5 Januari madaktari walituuliza kama mashine iendelee. Niliyetia saini mashine isimamishwe na Baba arudi nyumbani ni mimi. Duncan hakukubali. Aliniambia mbele ya daktari, "Umemsainia Baba kifo," na tangu hapo hatujasemezana. Nilimwinamia Baba nikamwambia, "Baba, nimetia saini." Akafumbua macho. "Umesaini wewe?" "Mimi." "Haya, panda." Nikadhani amerudi Embakasi.

Alifariki nyumbani Savage, Jumapili tarehe 11 Januari 2026, saa nne asubuhi, akiwa na miaka themanini na sita. Theluji ilikuwa ikianguka polepole bila upepo, na mkono wake ulikuwa ndani ya wangu.

Ameacha watoto wawili, Makena na Duncan. Wajukuu wawili, Bravin na Mumbi. Dada yake Joan, anayetungoja Chogoria. Na magari mengi yenye breki nzuri kati ya Savage na Plymouth.

Ukurasa wa kwanza wa ratiba hii unasema Duncan ndiye atakayesafiri na mwili keshokutwa, Jumatatu. Ulichapishwa wiki iliyopita. Ukurasa huu niliuchelewesha mpaka jana, mtaniwia radhi. Duncan, ndugu yangu, sijui kama nilikosea. Huenda nilikosea, na sitalijua kamwe. Ninachokijua ni sheria ya Baba. Nimekwisha kukata tiketi, kiti cha dirishani, juu ya bawa la kushoto. Bado naogopa. Kiti cha pembeni yangu ni chako ukikitaka, na ukija, tafadhali nishike mkono ndege ikipaa.

Lala, Baba, tunakupeleka kwa Mama. Niliyetia saini ni mimi. Napanda.