Mikono Nyuma wa Darasa la Jumamosi

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya stesheni ya treni, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mkunga. Mjane wake, aliyesoma maneno haya kabla hayajachapishwa, ametuonya tusimpambe kupita kiasi, maana mwenyewe hakupenda. Basi tuseme ukweli. Alikuwa mbishi, alikuwa anakoroma, na furaha yake haikuwa na breki. Jambo dogo likimfurahisha, nyumba nzima ilibidi iache kazi ije kulisikia.

Alianza shule mwaka 1975 na kumaliza sekondari mwaka 1986. Hakuwahi kuwa wa kwanza darasani, na mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita. Mwalimu wa hesabu aliandika kwenye ripoti yake maneno mawili tu: "Anauliza sana." Baba alikasirika. Mama aliikata ile ripoti akaibandika ndani ya mlango wa kabati la nguo, na ipo mpaka leo.

Mwaka 1989 aliajiriwa kuwa karani wa mafaili katika ofisi ya maji. Miaka miwili baadaye ikaletwa kompyuta ya kwanza, akapewa kazi ya kuingiza majina ya wateja wa mtaa mmoja. Alichapa kutwa nzima kwa kidole kimoja, na jioni akazima mashine, akaifunika kwa kitambaa chake, akaenda nyumbani kifua mbele. Asubuhi hakukuta jina hata moja. Akaanza upya. Siku ya tatu ndipo fundi aliyeileta mashine alipomwambia, huku akicheka mbele ya ofisi nzima, kwamba kazi huhifadhiwa kwanza, kisha ndiyo mashine huzimwa. Halafu fundi akamsukuma kando, akabonyeza mwenyewe, chap chap, akasema, "Rahisi tu." Marehemu aliisimulia habari hiyo kwa miaka thelathini na nne, na kila mara alikasirika upya. Hakukasirishwa na kuchekwa. Alikasirishwa na kule kusukumwa, kwa sababu hakuona kidole kilipobonyeza.

Alijifunza mwenyewe kuandika programu, kwa vitabu vya kuazima. Kufikia mwaka 1996 ndiye aliyekuwa akizitengeneza programu za ofisi hiyo, na baadaye za benki na za hospitali. Lakini ukimuuliza kazi yake, alikujibu Darasa la Jumamosi. Alilifungua mwaka 2003, ghorofa ya pili juu ya duka la miwani, kwa kompyuta tisa kuukuu, kwa ajili ya watu wazima wasiojua hata pa kuwashia. Alikuwa na sheria mbili. Kwanza, neno "rahisi" lilikuwa marufuku, kwa sababu mtu akishindwa na kitu alichoambiwa ni rahisi, hujiona yeye ndiye mjinga. Pili, mwalimu hagusi kibodi ya mwanafunzi, wala kipanya, hata kwa dakika moja. Alitembea kati ya meza mikono nyuma, na wanafunzi wakambatiza jina hilohilo, Mikono Nyuma. Kosa likitokea kwenye skrini, alimwambia mtu alisome kwa sauti, polepole, kama anavyosoma barua ya kaka yake. Kompyuta, alisema, ni mtumishi mtiifu kupindukia asiye na akili hata chembe. Haikuonei. Imefanya ulichosema, sasa tutafute ulisema nini.

Na mtu alipofaulu! Mpishi wa hoteli aliyelijua faili lake limejificha wapi, mlinzi aliyeandika programu ya kumwamkia kwa jina lake, wote walipigiwa makofi mpaka mwenye duka la miwani akapanda ngazi kuuliza kuna nini. Jumamosi moja alipanda kulalamika, akabaki kujifunza.

Mkewe, mkutubi, alikutana naye mwaka 1995 marehemu alipokwenda kuziunganisha kompyuta za maktaba. Alimkuta mkutubi huyo ameandika neno lake la siri kwenye karatasi na kulibandika juu ya skrini, akamhubiria nusu saa nzima. Mkutubi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha kwamba yeye mwenyewe amevaa soksi mbili zisizofanana. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1997, wakajaliwa mabinti wawili.

Sauti yake ilianza kukwaruza mwezi Novemba 2023. Ilikuwa saratani ya koo, na upasuaji wa Februari mwaka uliofuata ulimwachia uhai ukachukua sauti. Alirudi darasani baada ya wiki sita, na kibao kidogo cha kuandikia kimening'inia shingoni. Machi mwaka huu ugonjwa ukarudi. Hapo ndipo alipoingiwa na hofu, na si ya kifo. Aliogopa darasa lingekufa naye. Aliwaita waandishi wa programu watano, mabingwa wote, akawajaribu mmoja mmoja kwa Jumamosi tano. Wote walikuwa watu wema, na wote, kabla ya dakika kumi, walikwisha kumnyang'anya mwanafunzi kipanya. Aliwashukuru, akawasindikiza hadi mlangoni.

Mdogo wake, mshonaji wa sare za shule, alikuwa ameingia darasani Januari kwa kubembelezwa. Alikuwa akihangaika na programu ya kupimia mashati: uingize kipimo cha kifua, iongeze inchi nne za nafasi, itoe jibu. Jumatano, tarehe 7 Mei, alikuja wodini na kompyuta ndogo mapajani, karibu kulia. Aliingiza kifua cha inchi 28, kikatoka 284. Shati hilo, alisema, lingewafunika wagonjwa wote na muuguzi wao. Alimwomba kaka yake aguse mahali palipoharibika, mara moja tu, nani angejua. Mgonjwa, aliyekuwa hawezi hata kukaa bila mto, aliingiza mikono yote miwili chini ya mgongo wake, akalala juu yake.

Mshonaji alisonya. Kisha akaisoma programu kwa sauti, mstari kwa mstari. Akaingiza kifua cha inchi 10, ikatoka 104.

"Haijumlishi," akasema. "Inazipanga. Inadhani nimeiandikia maneno, kaka. Sijaiambia kwamba hizi ni namba."

Akaiambia. Ikatoka 32. Marehemu alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka, mpaka muuguzi akaja mbio akidhani amepaliwa. Alipotulia alidai kibao, akaandika: "Jumamosi, wewe."

"Mimi? Nami najua programu moja tu?"

Akaandika chini yake: "Ndiyo maana."

Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi, mkewe na binti zake wakiwa kando yake. Alikuwa na miaka hamsini na saba.

Kesho yake, msiba ukiwa umejaa watu, mdogo wake alivaa viatu. Shangazi alimuuliza kama ana akili timamu, kwenda kwenye kompyuta kaka yake bado hajazikwa. Mjane alijibu kwa niaba yake: "Mwache aende, shangazi. Ametumwa." Walimsubiri wanafunzi kumi na mmoja. Dereva mstaafu alikwama kwenye mstari wake wa tatu, akakaa dakika ishirini akiutazama, na mshonaji akasimama nyuma yake akitoka jasho, asiseme wala asiguse. Dereva akaliona kosa mwenyewe, akalirekebisha, akaruka juu kama kijana. Makofi yakapigwa. Hapo mshonaji akalia kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, na hakuna aliyemnyamazisha.

Ameacha mama yake mzazi, mjane, mabinti wawili, mkwe mmoja, mjukuu wa miezi minane anayebonyeza kila kitu, mdogo wake na shemeji yake, shangazi, na wanafunzi wa miaka ishirini na miwili waliotapakaa katika kila kazi. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na inawaalika wasiojua lolote kufika Jumamosi, saa tatu asubuhi, juu ya duka la miwani.

Apumzike sasa kwa amani, bila wasiwasi wowote. Darasa lina mwalimu.