Kiungio Namba Themanini na Sita

Wachungaji wetu, wazee wa ukoo, majirani wa Uswaa na ninyi mliopanda kutoka Moshi mjini na Bomang'ombe, wakubwa shikamooni, na poleni kwa msiba huu ambao ni wetu sote. Naitwa Martha, mdogo wake marehemu, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bomang'ombe, na karatasi hii nimeiandika mwenyewe, kwa hiyo mkiniona natazama saa kila mara si haraka, ni mimi naogopa, na sababu mtaisikia.

Kaka yetu Aminieli Elinaja Kweka alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974 hapa hapa Uswaa, Machame, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Elinaja na mama yetu Ndeshukurwa, aliyekaa pale mbele. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia Januari 1982 hadi Septemba 1988, kisha akajifunza kuchomelea vyuma mjini Moshi hadi mwaka 1992, na likizo yake ya kwanza alimzibia mama sufuria iliyotoboka, ambayo ndiyo iliyopika kiburu cha ndizi na maharage mlichokula jana, na haijavuja mpaka leo.

Tarehe 8 Machi 1993 aliajiriwa katika kiwanda cha sukari kusini mwa mji, kwenye mabomba ya mvuke, akafanya kazi hapo miaka kumi na minane, na tarehe 15 Desemba 2001 alifunga ndoa na wifi yangu Ester, wakajaliwa watoto wawili, Blessing, aliyezaliwa mwaka 2003, na Wilbert, mwaka 2007. Mwaka 2011 walikuja wahandisi wa nje kufunga mtambo mpya kiwandani, wakauona mkono wake, wakamwombea nafasi ya masomo Ureno, akaondoka tarehe 5 Septemba mwaka huo, naye mama akalia wiki nzima kana kwamba mwanawe anapelekwa vitani.

Tarehe 3 Februari 2014 aliajiriwa huko huko Ureno, katika karakana ya pamoja ya mataifa tisa yaliyokuwa yanaunda chombo cha kwenda kwenye sayari ya Mshtarii, yaani Jupita, chombo kisicho na mtu ndani, huyu akileta injini, yule matangi, mwingine kamera, na kazi ya kaka ilikuwa kuunganisha mabomba membamba ya kupeleka mafuta kwenye injini. Kwa kuwa bomba likivuja huko juu hakuna fundi wa kuitwa, sheria yao ilikuwa moja, kila kiungio kikaguliwe na mafundi wawili wa nchi mbili tofauti, wote watie saini, ili jicho la huyu lishike kosa la yule. Mwenzake alikuwa dada mmoja Mreno, ambaye jina lake lilimshinda mama alipokuja kututembelea, akampa la kwetu, Manka, na dada huyo ndiye mnayemwona ameketi kando ya Ester, mwenye kitenge.

Sasa nafika mahali ambapo baba mkubwa aliniambia juzi niparuke, kwamba mtu hasomewi makosa yake mbele ya jeneza, nami nikamjibu kwa heshima zote kwamba marehemu mwenyewe alinishika mkono akasema kisipofichwa hiki ndipo atalala, kwa hiyo baba mkubwa nisamehe, nasoma.

Alhamisi tarehe 12 Oktoba 2017, asubuhi, Manka alipigiwa simu kwamba mama yake amefariki, akataka kumaliza zamu kwanza, kwa sababu kwao ndivyo wanavyofanya, na kaka yetu, Mmachame huyu, akamvua glavu kwa mikono yake, akamwambia kwetu mfiwa hashiki kazi, nenda kamzike mama. Hakuna hapa ambaye asingefanya vile. Lakini kiungio namba themanini na sita kilikuwa hakijapata jicho la pili, na sehemu ile ilikuwa inafungwa saa sita, isifunguliwe tena, na kumsema mfiwa kwa wakubwa aliona ni aibu, basi akakikagua peke yake, akatia saini yake, na chini yake akatia ya Manka. Hapo alipokagua aliona kitu, na hadi anakufa hakujua kama kilikuwa ufa au kivuli cha taa.

Chombo kilirushwa tarehe 9 Aprili 2019, watu wakapiga makofi, yeye akatoka nje. Jamani, mwoga nimemwona. Aliporudi nyumbani mwezi Februari 2024, tayari saratani ya tumbo imemshika, kila asubuhi alipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi ya jikoni kuangalia kama unatoa mapovu, Ester akipika, yeye akilini anasikia kitu kinavuja, simu ikilia anasimama, na mimi nikamtania kwamba huyu fundi wa nyota anaogopa mtungi, hadi siku aliponieleza, nami nikaacha kucheka, maana tangu siku hiyo hofu ile ikahamia kwangu pia.

Mwezi Januari mwaka huu alinituma nikate jani la isale pale mpakani mwa kihamba, yaani shamba letu la migomba, na jani hilo ndilo letu la kuombea msamaha, ambalo akiletewa mtu hawezi kukataa, akalitia kwenye bahasha pamoja na barua ya kukiri kila kitu, ikaenda karakana. Wakubwa wa kule walijibu kwamba wamesikitika, wamewaarifu mataifa yote tisa, na hakuna mkono unaoweza kukifikia tena. Manka hakujibu kwa barua, alipanda ndege, amekuja na jani lile likiwa limekauka, na amekiri kwangu kwamba aliporudi kutoka mazishini aliiona saini ile akajua si yake, akanyamaza miaka yote hiyo kwa kuogopa kama kaka.

Aminieli alifariki Jumatatu tarehe 26 Mei 2025, saa nne asubuhi, mikononi mwa Ester. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya Mawenzi, majirani mliochota maji na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na mafundi wa mataifa tisa.

Kilichobaki ni hiki. Injini ile ilipangwa kuwashwa kwa mara ya kwanza leo, Jumamosi tarehe 31 Mei, saa saba na nusu mchana, chombo kikiwa kimefika, na kutoka huko habari husafiri dakika hamsini na moja. Sasa hivi ni saa nane na dakika kumi. Kama kiungio kimeshika, kimeshashika, na kama kimepasuka, kazi ya mataifa tisa imeshapotea, na habari yenyewe iko njiani inakuja, nasi hatuijui. Manka ana simu mkononi, ambayo karakana itampigia, na mila yetu inasema mfiwa hashiki kazi, lakini leo naomba ukoo umwache aishike, na mimi nikishuka hapa nakwenda kukaa naye.

Kaka, umeamka na simu miaka sita, inatosha. Pumzika kwa amani wewe, kungoja tumekupokea sisi.