Dakika Kumi za Fainali

Kabla ya kuyaona magongo, Dama aliona njumu za mpira zikichungulia mfukoni mwa kijana aliyeketi kando yake kwenye tuktuk ya Tononoka.

"Goti lilipasuliwa lini, mwanangu?" akauliza mama wa buibui upande wa pili, akiitazama bandeji.

"Miezi miwili sasa, mama. Daktari kasema nisicheze mpaka mwezi wa tisa, lakini leo ni fainali. Nitacheza dakika kumi tu."

"Ajabu! Kano yashonwa na daktari, yaponywa na kocha!"

"Kocha hajui."

"Na magongo utasema ya nani? Ya refa?"

Tuktuk ikasimama uwanjani. Kijana akashuka akichechemea, akamwachia Dama magongo. "Nishikie, dada."

Dama, aliyeshukia hapo pia, aliyapokea. Hakumwambia kwamba kaka yake naye aliomba dakika kumi, na huu mwaka wa tatu magongo hayajamtoka kwapani.