Kiti cha Shemeji

Jumapili hiyo asubuhi, basi lilimsubiri seremala mpaka abiria wakaanza kusonya. Aliingia akihema, akalaza joho lake la kwaya kwenye kiti cha pembeni kana kwamba nalo lina nauli yake. Fundi cherehani aliyekaa nyuma yake akatega sikio, maana kitambaa kizuri na maneno makali havimpiti.

"Mungu ana kosa moja tu, mama," seremala alimwambia mkunga mzee aliyeketi upande wa pili. "Anachelewa kuadhibu. Shemeji yangu alimtelekeza dada yangu miaka sita. Leo kanisa linampokea, eti ametubu!"

"Na dada yako anasemaje?"

"Amemsamehe. Huyo naye!"

Fundi akauma mdomo asicheke.

"Baba, nimezalisha miaka thelathini," mkunga akasema. "Sijawahi kumwambia mtoto aliyechelewa arudi alikotoka. Mungu naye hachelewi. Anangoja."

"Kungoja nako kuna mwisho!"

"Upo. Ila hukupewa wewe kuupanga."

Kituo kimoja kabla ya kanisa, basi lilipoanza kuondoka, mtu alionekana akilikimbilia, shati limemchomoka.

"Dereva, twende!" seremala akapaza sauti. Dereva akasimamisha basi, kama alivyomngoja yeye.

"Shikamoo, shemeji," akasema yule aliyepanda, jasho likimtiririka.

Nafasi ilibaki moja tu, ile iliyokaliwa na joho. Na dereva huyu hakuwa na desturi ya kuondoka mtu akiwa wima; akazima injini.

"Haya, baba," mkunga akasema. "Sasa tunakungoja wewe."