Kona ya Pipa la Tatu

Kijiwe chenyewe kilikuwa Suna, Migori, ubavuni mwa banda la kuziba pancha: benchi refu la mbao zilizong'olewa kwenye lori la miwa lililochoka, na jiko la Metrine muuza kahawa mbele yake. Kufika saa tisa na robo mchana wenyewe walikuwa wameshaketi. Kulikuwa na Angwenyi, karani mstaafu, waliyemwita Hakimu kwa sababu alitoa hukumu kabla ya kusikia kesi. Kulikuwa na Elvis, kijana mwenye banda, waliyemwita Breki kwa sababu mdomo wake haukuwa nayo. Na kwenye ncha ya benchi alikaa mzee Nyarangi, Gia Nne, aliyeendesha pikapu ya Datsun mpaka magoti yakakataa. Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, mvua za El Nino zimeenda zake na kuacha mashimo barabarani, na Hakimu alikuwa ameanzisha tena ile habari ya Homa Bay.

Nyarangi aliijua habari hiyo kuliko wote, maana ilikuwa yake.

Kila Desemba, kuanzia tisini na moja hadi tisini na nne, madereva wa Migori, Awendo na Homa Bay walikutana kwenye uwanja wa changarawe nje ya mji wa Homa Bay, wakashindana. Gari la mashindano halikuwepo. Ulikuja na lile lile ulilobebea samaki wiki nzima, ukashusha makreti, ukafagia magamba, ukaingia mstarini. Mapipa manne ya lami ndiyo yaliyokuwa kona, na sheria ziliandikwa kwa makaa kwenye katoni. Ukitaka kupita, piga honi mara mbili. Boneti yako ikifika mlango wa mwenzako, akuachie njia hata kama roho inamuuma. Kama haijafika, ngoja zamu yako. Na ukishapita, toa mkono dirishani, umshukuru.

— Siku hizo watu walikuwa na heshima, alisema Hakimu. Mtu anakupita halafu anakuinulia mkono kama mmekutana kanisani. Siku hizi anakupita na anakutukania mama.

— Na ule mwaka Datsun ya Gia Nne ilipata pancha! alidakia Breki. Wa nyuma yake akasimama, akashuka na jeki yake, wakabadilisha gurudumu pamoja. Katikati ya mashindano! Wote wawili wakamaliza mkiani.

— Huyo alikuwa Bonface, alisema Nyarangi polepole.

— Si ndiyo hiyo nasema! Huyo huyo Bonface ndiye alikuja kubingirika mwaka uliofuata.

Hapo ndipo habari ilipofika kila siku. Mzunguko wa mwisho, Desemba ya tisini na nne: Nyarangi yuko mbele, Bonface na Peugeot yake nyeupe nyuma. Kwenye pipa la tatu Bonface akaingia upande wa ndani. Magari yakagusana. Peugeot ikabingirika mara mbili ikaingia kwenye ua wa makonge, na mguu wa Bonface haukuwa mguu tena. Nyarangi alivuka mstari akiwa wa kwanza, akapewa redio ya ushindi. Mashindano hayakufanyika tena.

— Boneti haikuwa imefika mlangoni, alihukumu Hakimu. Kwa hivyo makosa ni ya Bonface. Kesi imefungwa.

— Ilifika! alipinga Breki. Mimi niliona na haya macho.

— Ulikuwa wapi wewe?

— Juu ya tangi la maji.

— Breki, wewe ulikuwa darasa la nane!

— Macho yangu hayakuwa darasa la nane, mzee.

Metrine alicheka, akawaongezea kahawa.

— Nyinyi mnasahau upepo, alisema. Ule wa kutoka ziwani saa kumi. Peugeot ni ndefu, upepo ukaishika kiunoni ukaisukuma.

— Upepo gani! Pipa ndilo lilihama, alisema Breki. Asubuhi ng'ombe alijikuna hapo. Futi mbili nzima, omera, ndugu yangu! Bonface alikata kona mahali iliwekwa jana yake.

Hakimu akaweka kikombe chini, ishara kwamba amepata kubwa zaidi.

— Ukweli ni huu. Ile Peugeot ilikuwa imezoea kurudi Awendo saa kumi kila siku, miaka sita. Saa kumi ikafika, ikaona njia ya kwenda nyumbani, ikakata yenyewe.

— Gari haina akili, Hakimu.

— Punda anayo, na gari inabeba kuliko punda.

Walicheka mpaka benchi likalia. Nyarangi alicheka nao, kama alivyocheka miaka minne. Halafu wakamgeukia, naye akasema lile alilosema siku zote.

— Vumbi, ndugu zangu. Kulikuwa na vumbi.

Siku hiyo kulikuwa na mgeni. Mwalimu Rispa, aliyehamishiwa Suna muhula huo, alikuwa akingoja baiskeli yake izibwe, kikombe mkononi, ametega sikio tangu mwanzo.

— Samahani wazee wangu, alisema. Huyo Bonface alikufa?

— Aa, hapana mwalimu! alijibu Hakimu. Yuko hapo tu Awendo. Ana duka la spea, anatembea na fimbo.

— Sasa yeye mwenyewe anasema aje?

Hakimu alikichukua tena kikombe chake. Breki akainama kutafuta kitu kwenye tairi. Awendo ni nusu saa tu ukipata gari. Walikuwa wameuliza ng'ombe, upepo na Peugeot. Bonface hawakumuuliza.

Nyarangi aliweka kikombe chake chini.

— Ilifika, alisema.

— Nini ilifika?

— Boneti. Ilifika mlangoni, ikapita hata. Nilisikia honi mara mbili, nikatazama kando, nikamwona uso. Alikuwa anatabasamu, anangoja nimpishe. Nikasema moyoni, mara hii moja tu. Nikafunga njia.

— Na vumbi je? aliuliza Hakimu, sauti imeshuka.

— Mimi nilikuwa mbele, Angwenyi. Aliye mbele hapati vumbi.

Metrine alisahau birika mkononi.

Kesho yake asubuhi Nyarangi aliomba lifti kwenye trekta ya miwa, akashuka Awendo. Alimkuta Bonface amekaa kwenye kiti mlangoni mwa duka, mguu umenyooshwa, anapanga mishipi ya feni. Amenenepa, na nywele zimeota mvi. Alipomwona mgeni alipiga kelele ya furaha.

— Gia Nne! Ai, mzee wangu! Hata nikasema umekufa! Keti, keti. Miguu inaendaje?

— Bonface, nimekuja na neno. Wacha niliseme nikiwa nimesimama.

Akalisema lote, honi mpaka redio. Redio hiyo hakuwahi kuiwasha, alisema; ilikuwa ndani ya katoni chini ya kitanda. Bonface alisikiliza huku akizungusha mshipi mmoja vidoleni, unaenda, unarudi.

— Kwa hivyo uliniona, alisema mwishowe.

— Nilikuona.

— Mimi hapa nimekutetea, Nyarangi. Watu wanakuja dukani wanasema yule mzee wa Suna alikufungia. Nawaambia hapana, huyo namjua, huyo hawezi, hakuniona. Nimegombana na shemeji yangu mwenyewe juu yako. Miaka minne.

— Kwa nini ulifanya hivyo?

— Kwa sababu kama haikuwa bahati mbaya, basi ni wewe. Na mimi sikutaka iwe wewe.

Nyarangi alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Nje trekta zilipita zikiwa zimejaa miwa, moja ikapiga honi, nyingine ikaipisha. Bonface alijifuta uso kwa mkono wenye grisi, ukaacha alama nyeusi shavuni. Akavuta pumzi ndefu. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

— Sasa hawa watu wangu, alisema, nitawaambia nini?

Nyarangi alivuta kiti kando yake. Akaketi.