Kitabu cha Kaka Humoud, Kisichokuwa na Bei

Marehemu Humoud bin Mahrous alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 3 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa Bi Thuraya. Chuo cha Kurani na skuli alisoma hukohuko. Mwaka 1974 alihamia Ibra, Omani, pamoja na wazazi wake na dada yake Fawziya, akiwa na Kiarabu cha kuombea dua, si cha kununulia nyama. Alijifunza. Mwaka 1991 alirudi kutoka Kanada na shahada ya uzamivu katika historia, akafundisha Nizwa hadi alipostaafu 2016.

Mwaka 1983 alimuoa Bi Huwaida wa Sur, aliyemvumilia yeye na makaratasi yake kwa zaidi ya miaka arubaini.

Kazi yake kubwa ilikuwa kitabu cha kumbukumbu za kinamama waliotoka Unguja. Mchapishaji wa kwanza alitaka kukiuza bei ya mbuzi wa Idi. Marehemu akakipeleka kwa wachapishaji wa chuo kikuu alichosoma Kanada, ambao kitabu kikishapitishwa na wataalamu hukiweka mtandaoni, akisome atakaye, bure. Kilitoka 2021, maneno ya kinamama yakiwa kwa Kiswahili chao, tafsiri ikifuata chini. "Nataka Fawziya asome," alisema.

Wachapishaji walimletea habari za wasomaji: Brazili, Ufini, Japani. Ibra alikuwapo mmoja, naye alikuwa marehemu mwenyewe, akijaribu kama kinafunguka.

Fawziya alikisifu soko zima la wanawake la Jumatano. Kukifungua ndiko kulikokuwa na udhuru.

"Kaka, kitabu huletwa mkononi, kina jina la mtu ndani."

"Kimo simuni mwako. Nimekutilia mwenyewe."

"Simu imejaa picha za harusi, kitakaa wapi?"

Januari mwaka huu maradhi ya figo yalimlaza hospitali. "Umefika wapi?" alimuuliza dada yake.

"Katikati. Kitamu, kaka, nimecheka mpaka basi."

Marehemu alimtazama kidogo, akasema alhamdulillahi, akamuuliza kama ameshakula.

Alifariki Ijumaa, 14 Februari 2025, akazikwa Ibra baada ya sala ya alasiri. Siku ya pili ya msiba Fawziya alikifungua kitabu. Katikati anazungumza mama yao. Anaeleza alivyomzika mwanawe wa miezi saba, Unguja, mwaka 1964, na kwa nini hakumtaja tena nyumbani. Fawziya hakuwahi kumsikia mtoto huyo. Hapana pa kuchekea. Haya yamo katika tanzia hii kwa amri ya Fawziya mwenyewe. Sisi wengine, ambao hata uongo huo hatukujisumbua kuusema, hatukuwa na uso wa kumkatalia.

Marehemu ameacha mjane, Bi Huwaida. Watoto wawili, Manar na Hud. Na dada mmoja. Amewafuata wazazi wake, na mdogo wake Nadhir, jina ambalo msomaji wa Ufini alilijua kabla yetu.

Mola amlaze pema, na atusamehe tuliochelewa.