Kitufe cha "Nimepotea" na Mzee Subiri-Kwanza

Tarehe 31 Oktoba, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, Mzee wetu anastaafu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu hiki, na imenisihi niwe mpole. Nitajaribu.

Alianza kazi akiwa karani wa mabweni, akigawa funguo na kusuluhisha ugomvi wa nani alale kitanda cha juu. Chuo kikamsomesha, akarudi na shahada ya pili na kitambi kidogo, akapanda hadi kuwa Mshauri Mkuu wa Wanafunzi. Tangu hapo hakuna mwanafunzi mpya aliyeingia chuoni bila kupita mikononi mwake, na hakuna kikao kilichowahi kuisha mapema akiwemo. Watu wanapokaribia kusema "basi, tumekubaliana," yeye huinua kalamu na kusema, "Subiri kwanza." Ndiyo asili ya jina tunalomwita akiwa hayupo. Leo namwita hivyo akiwepo, maana hawezi tena kuninyima sahihi yake.

Mimi ni mkuu wa kitengo cha mifumo, kitengo kizito chenye watu wawili: mimi, na mtaalamu wa programu tunayemwita Kimya kwa sababu zinazojulikana. Kilichonikutanisha na Mzee ni aplikesheni ya simu ya kuwapokea wanafunzi wapya. Ile ya zamani mnaikumbuka, au mmeamua kuisahau. Mwaka juzi iliwaelekeza wanafunzi wote wakajisajili Ukumbi Mkuu. Asubuhi hiyo ukumbi ulikuwa unapakwa rangi, usajili umehamishiwa maktaba, na kamati, kwa busara zake, ikabandika tangazo la kuhama kwenye mlango wa ukumbi. Mlango huo uko ndani ya uzio. Geti la uzio lilikuwa limefungwa.

Wengi waliulizana njiani wakafika maktaba. Binti mmoja, aliyekuja peke yake na godoro lake, alikaa nje ya uzio hadi jioni, simu ikimhakikishia kwamba yuko mahali sahihi. Kisha akapanda basi akarudi kwao. Mzee ndiye aliyempigia baba yake. Tuliokuwa koridoni tulimsikia akiomba radhi kwa niaba ya chuo kizima. Binti hakurudi mwaka ule.

Uongozi ukaamuru aplikesheni isanifiwe upya kabla ya wanafunzi wa mwaka uliofuata kufika. Tukichelewa, kazi inakwenda kampuni ya nje na kitengo changu kinavunjwa. Na sahihi ya kuidhinisha ikawekwa mikononi mwa nani? Haswa.

Sijawahi kuchoshwa na binadamu kiasi kile, na nimelea mapacha. Mzee hakutaka kuangalia kazi kwenye projekta kama watu wengine. Alichapa kila skrini kwenye karatasi, akazibandika zote kwenye ukuta wa korido ya kwenda chooni, na kalamu nyekundu akaining'iniza kwa uzi ili kila anayepita aache maoni. Watu wakapita. Mhasibu akaandika kwamba herufi ni ndogo. Mwingine akaandika kwamba bluu inaleta usingizi. Mtu asiyejulikana akaandika kwamba bomba la pili linavuja, na Mzee akaniletea maoni hayo pamoja na mengine yote, akitaka majibu kwa maandishi. Nilijibu kwamba bomba halimo ndani ya uwezo wangu. Akarudisha karatasi akiuliza limo ndani ya uwezo wa nani.

Kisha ikafika siku ya magodoro. Alituamuru mimi na Kimya tushuke hadi lango la chini, kila mmoja na godoro begani, tujaribu kujisajili kwa dole gumba moja. Nilimkumbusha kwamba nina shahada. "Subiri kwanza, binti yangu," akasema, "hata wao wanakuja kuitafuta hiyo hiyo." Amemzidi kaka yangu mkubwa miaka michache tu, lakini mimi ni binti yake, na hilo nalo halikuwahi kuwekwa kwenye ajenda. Kwa haki niseme kwamba vitufe vilikuwa juu mno na dole gumba halikufika. Tulivishusha, na wiki ile nzima niliumwa shingo.

Asidhani hata hivyo kwamba alikuwa sahihi siku zote. Alirekodi hotuba ya kuwakaribisha wanafunzi, amevaa suti, ndefu kuliko safari ya baadhi yao, akataka iwe kitu cha kwanza kufunguka na isiweze kurukwa. Tulibishana hadi wenzetu wakaanza kuhama meza wakituona tunaingia kula. Hapo nilishinda mimi. Hotuba sasa iko chini kabisa, baada ya ramani na masharti, na takwimu zetu zinaonyesha kwamba ina watazamaji wachache lakini waaminifu. Mmoja wao ni mke wake, ambaye ameniambia mwenyewe kwamba suti ile inampendeza.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya kitufe. Nilikuwa nimetengeneza msaidizi wa kujibu maswali bila kuhitaji mtu, kazi ya miezi, na nilikuwa najivunia. Mzee akaketi, akavaa miwani, akamwandikia: nimesimama kwenye ngazi nyekundu, godoro limenilemea, sijui niende wapi. Msaidizi akamshukuru kwa kuchagua chuo chetu na kumtumia utaratibu wa kulipa ada. Nilitarajia atacheka. Hakucheka hata kidogo. Alisema anataka kitufe kimoja, kikubwa, kimeandikwa "Nimepotea", na ukikibonyeza simu iite kwa mtu mwenye masikio.

Nilimweleza kwamba chuo cha maelfu ya watu hakiendeshwi kwa simu ya mtu mmoja. Nikamuuliza nani atapokea. Akasema yeye. Nikamwambia huo si usanifu, huo ni ukaidi. Akafunika kalamu yake taratibu, akaitia mfukoni, akasema bila kitufe hakuna sahihi. Wanafunzi walikuwa wanakaribia kufika na makamu mkuu wa chuo alikuwa ananipigia kila asubuhi. Nilienda nyumbani nikapiga kelele jikoni mpaka mume wangu akaja mbio kuuliza nani amekufa. Kesho yake nikakubali, kwa sababu nilitaka kitengo changu kiishi, na si kwa sababu nyingine yoyote.

Naye alipokea. Hilo lazima liandikwe. Alipokea kwenye foleni ya benki, alipokea akiwa na kijiko mdomoni, alipokea katikati ya kikao cha bajeti huku mkuu wa fedha akiwa amesimama na fimbo yake ya kuonyeshea. Kila mara alianza na swali lile lile: "Unaona nini mbele yako?" Kisha tunakaa kimya, watu wazima wenye kazi zao, tukisubiri mtoto wa watu apite nyuma ya tangi la maji na kushika kushoto. Yule binti wa godoro alirudi mwaka jana, na Mzee alimsubiri mwenyewe langoni, ingawa aliaga kwamba anakwenda kwa daktari wa meno. Pamoja na hayo yote niliendelea kuhesabu miezi. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: siku anayoondoka yeye, kitufe nacho kinaondoka.

Mwanzoni mwa mwezi huu alianza likizo yake ya mwisho, wanafunzi wapya wakiwa ndiyo wanaingia. Jumamosi nilikuwa saluni, nusu ya kichwa imesukwa, simu ikaita kwa namba nisiyoijua. Alikuwa kijana, anahema. Akauliza kama hapa ndipo wanapopiga waliopotea. Nilifungua mdomo kumwambia amekosea namba. Nyuma yake nikasikia magurudumu ya sanduku yakikwaruza kokoto, na njia ya kokoto pale chuoni ni moja tu. Nikajisikia nikimuuliza, "Unaona nini mbele yako?"

Akasema anaona uzio, na geti limefungwa.

Msusi akasimamisha mikono. Nilimwambia kijana asikate simu. Nikampitisha geti la pembeni, nikampitisha nyuma ya tangi la maji, nikamgombeza alipotaka kukunja kulia, na sikumwacha hadi niliposikia karani wa usajili akimwambia, "Karibu, kaa hapa, tua mzigo."

Kisha nikampigia Kimya kumuuliza nani amebadilisha namba. Siku hiyo alisema mengi kuliko mwaka mzima uliotangulia. "Mzee ndiye aliyeniagiza. Alisema ukiulizwa utakataa, ila simu ikiita utapokea." Nikampigia Mzee nikiwa nimefura, na hotuba yangu mwenyewe isiyoweza kurukwa. Sikufika mbali. Akasema subiri kwanza, kisha akauliza: "Amefika?" Nikamwambia amefika. "Haya, binti yangu," akasema, na simu ikakatika.

Mzee wetu, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako, asante. Umetuchosha, na nadhani hutaona haya kwa hilo. Kitufe kipo na hakitaondolewa, ila usijisifu mbele za watu. Tunakutakia maisha mema yenye afya na usingizi wa mchana, na mkeo tunamtakia subira, maana vikao vyote sasa vinahamia nyumbani kwake. Na ikitokea asubuhi moja umeamka, umevaa, ukasimama mlangoni pasipo kikao cha kusimamisha wala mtoto wa kuelekeza, namba unayo, wewe ndiye uliyeiweka. Bonyeza tu. Nitapokea, hata nikiwa saluni. Swali la kwanza unalijua.